Bati Jekundu Mlangoni kwa Fundi Anselmi

Mtanisamehe kwa mwandiko na kwa herufi zitakazokaa mahali pasipo pake. Shule yangu iliishia darasa la nne, na baada ya hapo mkono umeshika spana zaidi ya kalamu. Halafu naandika polepole. Ukurasa huu wa kwanza umenichukua mchana mzima, na sehemu ya mchana huo nilikuwa nafukuza kuku wa mama wasiingie kwenye ufuta.

Nimeacha kazi. Nikisema nimestaafu, hapa nyumbani Chinongwe watu wanacheka, kwa sababu mvi sina na mke ndiyo kwanza ninatafutiwa. Lakini karakana yetu ya Nachingwea imepunguza watu, mashamba ya karanga yamebaki kidogo na matrekta kidogo, na mtu aliyepunguzwa anaitwaje kama si mstaafu? Nyinyi vijana mlioingia karakana juzi mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nani alipanda cheo na nani alipata mshahara gani, waulizeni wenyewe, watawaambia hata msipouliza. Mimi nitaandika habari za Fundi Anselmi na habari za mwaka wa mafua makali. Mambo ya mwaka ule sijayaelewa vizuri mpaka leo. Nilidhani nikiyaandika yatanyooka. Tutaona.

Nilifika Nachingwea miaka ya arobaini ikiishia, wakati msitu bado unaangushwa. Tingatinga mbili zilikuwa zinavuta mnyororo mmoja katikati, na miti inalala kama nyasi. Nilitoka Chinongwe kwa miguu nikiwa na kaptura ya shule, na kelele zile nilizisikia kabla sijauona mji. Mnyapara wa karakana, Hamisi Nangoma, aliniuliza, "Unajua nini?"

"Kusoma," nikasema.

"Matrekta hayasomwi." Akageuka akaita, "Anselmi! Huyu wako. Anajua kusoma, Mungu amsaidie."

Fundi Anselmi alikuwa Mmwera kama mimi, mtu wa Mandawa, mkristo wa misheni, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyeinua injini. Vijana wote tulimwita Mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye haki ya kukukaripia hata kuliko baba, na haki hiyo aliitumia. Wiki yangu ya kwanza aliniambia kitu kimoja tu: "Usishike. Angalia." Kwa hiyo niliangalia. Alikuwa na kijiti cha mpingo, urefu wa mkono. Trekta likiunguruma aliweka ncha moja kwenye injini, ncha nyingine sikioni, akafumba macho. Kisha anasema, "Beringi ya pili," na tukifungua ni beringi ya pili. Nami nilichonga kijiti changu. Nilisikia kelele tu, kwa miaka miwili, na sikio likawa jeusi kwa mafuta ya injini.

Sasa lazima niwaeleze habari za mabati, hasa nyinyi mnaotumia chaki siku hizi. Kila mashine iliyoingia karakana ilining'inizwa kipande cha bati kwenye usukani. Bati jeupe maana yake inasubiri fundi. Bati jekundu maana yake usiwashe, usiguse. Hiyo ndiyo sheria iliyotoka ofisini. Lakini vipuri vilichelewa kutoka pwani, na trekta lililokaa na bati jekundu lilianza kupungua. Mtu anatoa plagi, anasema ameazima. Mwingine anatoa mkanda. Mwingine kiti. Kipuri chenyewe kikija kufika, trekta limebaki mifupa, tunalivuta nyuma ya karakana, mahali tulipopaita makaburini. Hakuna aliyekuwa mwizi. Kila mmoja aliazima kitu kidogo. Fundi Anselmi alituambia, "Ikishavaa jekundu, msiizoee." Na sisi macho yetu yakajifunza hivyo. Mtu wa nje akiona bati lile anaona onyo. Sisi tuliona mwisho.

Kazi yangu ya pili ilitokana na Mnyapara Nangoma kutojua herufi. Majina ya watu wote wa karakana alikuwa nayo kichwani, hakosei hata moja, lakini karatasi ilimtoa jasho. Kwa hiyo tangazo likija kutoka ofisini, asubuhi kipande cha reli kikishagongwa na majina yakishaitwa, mimi ndiye niliyesimamishwa mbele kusoma. Mimi ni mtu wa haya. Mtu mmoja akinitazama nasahau jina langu, sembuse karakana nzima. Sauti ilitetemeka. Miaka ile haikudhuru. Matangazo yalikuwa ya mbwa wafungwe na vyoo vifunikwe, na hakuna anayejali msomaji wa vyoo akitetemeka.

Ndipo yakaja mafua makali.

Tangazo la kwanza lilisema ni mafua tu, yamezuka mbali huko Asia na yanazunguka dunia, mtu mwenye nguvu asiogope, aendelee na kazi. Nilisoma. Watu hawakushika neno "mafua". Walishika "dunia". Athumani Mchopa, dereva wa trekta, Mngindo asiyeweza kunyamaza, aliuliza, "Kama ni dunia nzima, dawa itatoka wapi? Mwezini?" Watu wakacheka, lakini ni kicheko kile ambacho kila mtu anamsikiliza mwenzake kama anakohoa.

Kijana mmoja wa kupaka mashine gris, mwenye nguvu kweli, alikuwa ameanza kuumwa siku hiyo. Alisikia mwenye nguvu aendelee, akaendelea. Alifanya kazi na homa, akalala Ijumaa, na Jumapili tukamzika. Sitaandika jina lake, mama yake yuko hai.

Baada ya hapo matangazo yalibadilika. Yalikuja kila asubuhi, na kila moja na lake. Moja lilisema mgonjwa aletwe zahanati upesi. La kesho yake likasema wagonjwa wasije zahanati, wataambukizana. Moja likasema watu wasikusanyike, nami nililisoma mbele ya watu waliokusanywa wanisikilize. Moja likataja dalili: kichwa kuuma, viungo kuuma, mgongo kuuma. Kufika saa sita kikosi chote cha gris kilikuwa kinaumwa mgongo. Mgongo wa mtu wa gris unauma tangu siku anayoajiriwa, lakini siku hiyo waliusikia upya. Mimi mwenyewe niliposoma "koo kukauka", koo lilikauka palepale, nikameza mate mbele ya watu, na watu watatu wakarudi nyuma.

Hapo ndipo walipoanza kusikiliza sauti yangu badala ya maneno. Nilikuja kujua baadaye. Walikuwa wanakaa chini kwenye laini, zile nyumba zetu za safu, wanaulizana, "Leo alitetemeka wapi?" "Aliposema waliopona." "Basi hao hawakupona." Nilitetemeka kwa haya tu, kama siku zote, lakini wao walijua kwa hakika kwamba karatasi ina neno ninalolificha. Mmoja alinishika mkono kwenye bomba la maji. "Saidi, mdogo wangu, niambie mimi peke yangu. Kimeandikwa nini pale unaporuka?" Nikamwambia siruki. Akasema, "Sawa, umeapishwa, naelewa." Akaenda kuwaambia wenzake nimeapishwa.

Na habari nyingine zilikuja kwa njia zake. Watu wa treni kutoka Mtwara walisema kule bandarini watu wanaanguka njiani. Wafanyabiashara kutoka Ruangwa walisema kwao hajafa hata mtu, ndimu na mwarobaini vinatosha. Redio ya ofisini ilisema jambo la tatu. Nilikuwa nazisikia zote, na asubuhi nasoma ya nne. Chakula kilinishinda. Nilijigusa paji la uso mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nina kidonda.

Kisha ikaja amri kwamba mgonjwa abaki chumbani kwake, asitembelewe, na mlango wake utiwe alama. Alama gani, amri haikusema. Rangi haikuwepo, na kitambaa cheupe hakuna aliyetaka, kwa sababu kinafanana na sanda. Mnyapara Nangoma akatazama ukutani mwa karakana, akaona mabati yetu yamening'inia. "Jekundu ni usiguse," akasema. "Si ndiyo tunayotaka?" Dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa wa zahanati yetu, akaona ni sawa. Hata mimi, kwa kuwa maneno yalikuwa yaleyale, niliona ni sawa. Mabati yakatundikwa kwenye milango.

Fundi Anselmi akaugua. Homa kali, siku nyingi kidogo, na bati jekundu mlangoni. Mkewe, Mama Kristina, aliruhusiwa kumwekea uji. Sisi tulipita mbali. Karakana bila yeye ilikuwa inayumba, lakini tulijua amri. Nilikuwa nimeisoma mwenyewe.

Asubuhi moja Mama Kristina alinikuta kwenye bomba. "Saidi, mjomba wako hali chakula."

"Homa imezidi?"

"Homa imekwisha. Dresa amemshika, akasema mwili umepoa. Lakini amegeukia ukutani. Uji naingiza, uji natoa. Sasa jana ameniambia spana zake nikupe wewe."

"Kwa nini anipe spana?"

"Kama ningejua, ningekuuliza?"

Nilikwenda. Nilisimama njiani, mbali na mlango kama ilivyoamriwa, nikaita, "Shikamoo, Mjomba."

Sauti ikatoka ndani, "Marahaba. Umekuja kuchukua nini?"

"Sikuja kuchukua kitu, Mjomba."

"Wenzako walikuja. Jeki yangu wameipitia. Pampu ya baiskeli imekwenda. Kigoda changu cha karakana nasikia kinakaliwa na mtu. Jirani kachukua taa. Umebaki wewe. Spana anazo Mama Kristina, chukua, usione haya."

"Mjomba, wameazima tu."

"Najua kuazima, Saidi. Ni mimi niliyekufundisha."

Nilitazama lile bati. Upepo ulikuwa unaligonga mlangoni, taratibu. Kweli, siku zile watu walikuwa wamepita kwake kuchukua vitu. Jeki ilihitajika. Pampu ilihitajika. Kila mmoja alichukua kilichokuwa nje barazani, hakuingia ndani, akarudi zake, na kila mmoja alikuwa rafiki yake. Naye alilala ndani, sikio lile, akisikia kitu kimoja kimoja kinaondoka. Maneno ya kumwambia "hufi" sikuwa nayo. Yule kijana wa gris nilikuwa nimemsomea kwamba asiogope.

Nikaenda kwa Mnyapara Nangoma. "Mnyapara, lile bati la Fundi tulitoe."

"Limewekwa kwa amri. Si wewe uliyesoma?"

"Basi tuweke jeupe."

"Jeupe ni anayesubiri. Anasubiri nini, Saidi? Unataka kumuua kabisa?"

Nikaenda kwa dresa. Alikuwa hajalala siku kadhaa, macho mekundu, anachemsha maji. Akasema, "Mwili wake mzima. Lakini karatasi inataka akae na alama mpaka siku zake ziishe, na karatasi ikikosewa ninaulizwa mimi. Dawa ya homa ninayo. Ya mtu aliyegeukia ukutani hawakunipa."

Nilirudi karakana nimechanganyikiwa. Athumani Mchopa alikuwa anajaza upepo baiskeli yake kwa pampu ya Fundi. Nilimwangalia mpaka akauliza, "Nina pembe?" Nikamweleza yote, vibaya, kwa kurudia rudia. Alianza kucheka, halafu mkono wake ukasimama kwenye pampu.

"Yaani mimi nimemtoa mzee plagi?"

"Ndivyo anavyoona."

"Na jeki?"

"Na jeki. Na kigoda. Na taa."

Athumani akachomoa pampu kwenye tairi bila kumaliza. "Amri inasema tusiingie. Inasema tusirudishe?"

Nikafikiri maneno yote niliyokuwa nimesoma. "Hapana. Hakuna mahali."

Reli ilipogongwa saa sita, tulikwenda, waliochukua wote na wasiochukua baadhi. Tulisimama njiani. Mmoja mmoja alikwenda mpaka kizingitini, akaweka alichochukua, akakitaja kwa sauti, akarudi. "Fundi, taa yako hii." "Mjomba, kigoda. Nimekifuta." Ndani kimya. Nilianza kuona tumefanya ujinga mwingine juu ya ule wa kwanza, kwamba huenda anasikia tumemletea vitu vya kuzikiwa.

Zamu ya Athumani ikafika. Wangindo na Wamwera ni watani, nanyi mnajua mtani anaruhusiwa nini mbele ya mgonjwa. Akasimama kizingitini, mikono kiunoni. "Mmwera wewe! Pampu yako hii. Nilikuwa nimeshajigawia na baiskeli yako, nimeipangia safari ya Ruangwa, kumbe wewe unapumua tu! Mbona unanivurugia mipango?"

Kikohozi. Kisha sauti, nyembamba lakini yake. "Baiskeli ile hupandi hata nikifa. Miguu yako haifiki chini."

Watu wakashangilia. Athumani akaruka kama aliyeshinda mpira. Wa mwisho alikuwa na jeki. Akaiweka juu ya saruji, ikalia, akasema, "Fundi, jeki yako hiyo."

"Siyo," ikasema sauti.

"Ndiyo, Fundi."

"Nimesema siyo! Yangu hailii hivyo ikiwekwa chini."

Tukatazamana. Mlango ukafunguka. Fundi Anselmi akatoka amejifunga blanketi, mashavu yameingia ndani, miguu inatafuta sakafu, bati jekundu likampiga begani. Akainama juu ya jeki, akaigusa kwa kidole. Ilikuwa ya karakana kweli, ile yenye ufa. Yake ilikuwa imebaki chini ya trekta shambani. "Mnaniletea mbovu," akasema, "nzima mnabaki nayo. Nendeni mkalete yangu." Kisha akakaa kwenye kigoda, juani, kwa sababu miguu ilikataa, akamwambia mkewe bila kumtazama, "Uji uko wapi?"

Tulikimbia sote kufuata jeki. Watu wengi mno kwa jeki moja.

Alipona. Nimewauliza kwa nini, na kila mtu ana lake. Dresa anasema homa iliisha yenyewe na mengine ni udhaifu wa baada ya homa. Mama Kristina anasema ni sala. Athumani anasema ni matusi yake, na anataka asifiwe. Fundi mwenyewe nilipomuuliza alisema, "Niliona njaa." Sasa yuko Mandawa na mikorosho yake, na ukimkuta atakuonyesha jeki.

Lakini asubuhi iliyofuata nilikuwa tena mbele ya watu na karatasi mkononi, na milango mingine ya laini bado ina mabati. Tangazo lilikuwa fupi. Idadi ya walioumwa, walale peke yao, maji yachemshwe. Nilisoma lote. Halafu badala ya kuikunja karatasi nikasema, "Mwenye bati jekundu mlangoni anangojewa kazini. Kitu chake kisiazimwe. Apitiwe kila siku, mtu asimame njiani, amwambie karakana imeshindaje."

Mnyapara Nangoma alinigeukia. Mtu mmoja kutoka nyuma akauliza, "Hayo yameandikwa?"

"Hapana," nikasema. "Hayo nasema mimi."

Sauti ilitetemeka kuliko siku zote. Niliona wanaitafuta sauti, kama kawaida yao, wakaitafuta, na nadhani hawakupata cha kufichwa ndani yake, kwa kuwa kila kitu kilikuwa nje. Mnyapara alikohoa kidogo, akaona tumemwangalia, akasema, "Vumbi. Haya, kazini." Tangu siku hiyo watu walipita kwenye milango. Nilisikia wanasimulia upuuzi mtupu, trekta gani limezima na nani kapigwa na mkono wa kuwashia injini. Wengi walitoka. Mmoja hakutoka, ingawa kwake pia tulipita.

Ndiyo maana nasema bado sijaelewa. Nilisoma msiogope, mtu akafa. Nilisoma ogopeni, mtu mzima akageukia ukutani. Siku niliyosema la kwangu, sikuwa na elimu ya kulisema, na sijui kama nilikuwa na haki. Idadi ya wagonjwa isomwe au isisomwe? Dalili zitajwe zote au nusu? Mtu aambiwe nini kwanza, jinsi ya kujikinga au kwamba hajaachwa?

Nyinyi mmebaki kule, na bila shaka mmoja wenu sasa ndiye anayesimamishwa mbele. Niandikieni. Mpeni barua mtu yeyote anayeshuka Chinongwe, itanifikia. Nielezeni siku mkipewa karatasi ya namna ile, na watu wanawatazama mdomo, mtaisoma vipi, na mkimaliza kuisoma mtaongeza nini. Nataka kulisikia jibu lenu kabla karatasi nyingine haijaja.